Baba Alipopanda Mlingoti Lushoto

Mwaka jana, likizo ya Desemba, mjukuu wangu alinijia na maneno yake ya haraka haraka: "Bibi, funga mzigo, tunakwenda kupunga upepo Lushoto." Kwake yeye Lushoto ni mahali pa kwenda asubuhi na kurudi jioni ukitaka. Mimi nilikuwa sijakanyaga huko tangu utoto. Tulipoiacha Mombo na gari likaanza kukunja kona za mlimani, niliteremsha kioo. Ile baridi iliponigusa uso, imechanganyika na harufu ya mikaratusi na udongo uliolowa, nikaanza kujifuta macho kwa upindo wa kanga. Mjukuu akaniuliza kama nalia. Nikamwambia ni upepo, naye akaridhika. Wewe sitakudanganya. Nilikuwa nimemkumbuka baba yangu, amekumbatia mlingoti, soksi zake nyeupe zimejaa grisi.

Enzi hizo za Mwingereza tulikaa Tanga, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, safu ndefu ya vyumba vya bati vilivyotazamana na njia za treni. Baba alikuwa karani wa stesheni, na usilione jina hilo dogo. Karani wa siku zile alikuwa mtu. Baba alivaa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, soksi ndefu hadi magotini, tai, na viatu ambavyo kazi ya kuvipaka rangi ilikuwa yangu. Hakupaza sauti. Hakukimbia, hata mvua imkute katikati ya njia. Tukiwa tunacheza uani na yeye akatokea kwa mbali, majirani walitukemea, "Kaeni sawa, karani anapita," nasi tukasimama kama askari, hata mimi mwanawe.

Mama hakuwa hivyo. Mama alikuwa mwanamke wa Pangani, wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Alfajiri akichoma vitumbua, alikuwa akizungumza na jirani wa upande wa pili wa ukuta bila kuonana, na kile kicheko chake kilianza taratibu, kikapanda, mpaka akalazimika kuweka chini upawa na kujishika mbavu. Baba alikuwa akijifanya kimemkera. "Utawaamsha abiria," alimwambia, maana stesheni ilikuwa karibu. Lakini nilimwona mara nyingi akichelewa kunywa chai yake ili asikie kile kicheko kinaishia wapi.

Halafu mdogo wangu akafariki. Alikuwa ndiyo kwanza anatembea, anashika ukuta kutoka mlangoni hadi kitandani, akifika anapiga makofi mwenyewe. Homa ilimshika Alhamisi, na Ijumaa baada ya swala tukamzika. Mimi sikupelekwa makaburini. Nilikaa na watoto wa jirani tukala wali wa msiba, na sikuelewa vizuri mpaka siku zilizofuata, nilipoona ile kanga aliyokuwa akibebewa imekunjwa na kuwekwa juu ya kabati ambako mkono wangu haufiki.

Mama aliacha kuzungumza. Si kwamba alinyamaza kabisa. Ukimuuliza, alijibu. Ukimsalimu, aliitika. Lakini yeye mwenyewe hakuanzisha neno. Alipika, alifua, alinisuka nywele, na wakati wote huo ilikuwa kama anafanya kazi katika nyumba ya watu. Jina la mdogo wangu halikutajwa tena. Miezi ikapita, vitumbua vikawa vinaungua upande mmoja, na jirani akachoka kusemea ukutani.

Bibi mzaa mama akaja kutoka Pangani kumtazama. Jioni moja nilikuwa chini ya meza nikitafuta ushanga wangu uliokatika, wakanisahau. Bibi alimwambia baba kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi sikulaumu. Lakini mwanamke huyu anazama. Kama mwezi ujao atakuwa hivi hivi, nitakuja kumchukua akae kwangu. Huyu mtoto atabaki kwa shangazi yake, asome." Baba hakubisha. Alisema tu, "Nimesikia, mama." Mimi nilibaki pale chini nimekamata shanga kwenye kiganja, najua sasa kwamba nitampoteza mama pia.

Stesheni kulikuwa na mpakizi wa mizigo, Msambaa, kijana mchangamfu. Yeye ndiye aliyempa baba wazo. Alimwambia joto la Tanga wakati wa kaskazi humfanya hata mtu mzima wa afya achukie maisha, na kwamba Wazungu wenyewe, hata Gavana, wakishindwa na joto hukimbilia Lushoto. "Mama yangu yupo," alisema. "Ana chumba. Mpeleke mkeo akacheke." Baba akaomba likizo, akapewa pasi ya treni ya familia, na usiku akatutangazia kama anasoma ratiba: tunakwenda Lushoto, mapumzikoni. Watu kama sisi hatukuwa tukienda mapumzikoni. Tulikuwa tukienda msibani, harusini, au kuuguza. Majirani walitusindikiza mpaka behewani kwa kutoamini.

Treni ilituacha Mombo mchana wa jua kali, tukapanda basi. Nakumbuka mto ukishuka kwa ngurumo pembeni ya barabara, maporomoko ya Soni yakirusha maji meupe, na mwanamke mmoja aliyebeba kuku akimwomba Mungu kila kona kwa Kisambaa. Nakumbuka pia kwamba kila tulivyopanda, mama alizidi kujifunika kanga, na baba alizidi kumtazama.

Mwenyeji wetu alikuwa mama mfupi, mnene, aliyevaa sweta la kiume juu ya gauni. Mkristo wa Kilutheri, msalaba umetundikwa sebuleni, na kwa sababu yetu alikuwa amenunua sufuria mpya isiyowahi kuona nguruwe. Alituonyesha ile sufuria kabla hata hatujakaa. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akasema, "Marahaba," kisha akaongeza, "Na huku kwetu utasema, onga mshi." Nilipojaribu, alicheka, akanipa kiazi cha moto nikishike mikononi. Nilikuwa sijawahi kuona pumzi yangu mwenyewe ikitoka kama moshi. Nilikaa mlangoni nikipuliza mpaka kizunguzungu kikanishika.

Basi kesho yake baba akaanza kazi. Nasema kazi, maana alitutembeza kama anatuhamisha kutoka behewa moja kwenda jingine. Alitupeleka sokoni, ambako wanawake wa Kisambaa walikuwa wamepanga kabichi kama vichwa vya watu, karoti, njegere, na vikapu vya matunda damu, yale mekundu ya mlimani, yaliyoiva mpaka yanapasuka. Alininunulia, nikala mpaka gauni likawa jekundu. Alimchagulia mama lililo zuri kuliko yote, akalifuta kwa leso yake. Mama akalipokea, akasema, "Ahsante," akalishika mkononi mpaka tuliporudi nyumbani, akanipa mimi.

Alitupeleka kutazama hoteli ya Wazungu. Kuingia hatukuweza, na wala hakuna aliyehitaji kutuambia. Tulisimama barabarani, kando ya ua wa maua, tukawatazama wakinywa chai juu ya majani yaliyokatwa kama zulia. Baba akatueleza kwa kunong'ona kila kitu: kile ni kibirika cha fedha, ile ni keki, yule mwenye kofia pana huenda ni mke wa mkubwa fulani. Mtumishi mmoja aliyevaa kanzu na mkanda mwekundu alituona, akatupungia mkono kwa siri nyuma ya sinia. Nilicheka. Baba akamgeukia mama kwa matumaini. Mama alikuwa akimtazama mtoto wa Kizungu aliyekuwa akijifunza kutembea kwenye yale majani, anaanguka, anainuka. Baba naye akamwona. Akanishika mkono mimi, akatangulia, tukaondoka.

Siku nyingine tukaenda Irente, kwenye ule mwamba ambako mlima unakatika ghafla. Tulitembea asubuhi nzima kati ya mashamba ya maharage na migomba, watoto wakitufuata nyuma na kutuita "watu wa pwani". Tulipofika, sikuamini. Mbele yetu hapakuwa na kitu. Chini, chini kabisa, kulikuwa na nyika ya rangi ya simba, mashamba ya mkonge yamechorwa kama mkeka, na mwewe akizunguka chini ya miguu yetu. Fikiria, ndege yuko chini yako! Nilikuwa nikimwonyesha baba yule mwewe nilipoona mkono wake umetoka ghafla ukakamata upindo wa kanga ya mama. Mama alikuwa amesogea mpaka ukingoni. Upepo ulikuwa ukimpiga, na vidole vya miguu yake vilikuwa pale jiwe linapoishia.

"Rudi nyuma," baba alisema. Hakupaza sauti.

"Nilikuwa naangalia kama reli inaonekana," mama akasema.

"Reli naijua mimi. Nitakuonyesha. Rudi nyuma kwanza."

Akarudi. Mpaka leo sijui kama alikuwa akiitafuta reli kweli. Ninachojua ni kwamba baba hakuiachia ile kanga njia nzima ya kurudi. Alishika upindo wake kama mtoto anayeogopa kupotea sokoni, mbele za watu waliokuwa wakitoka mashambani, yeye ambaye hata mkono wa mama hakuwahi kuushika hadharani.

Jioni ile mwenyeji wetu alimfuata baba nyuma ya nyumba, ambako mimi nilikuwa nikiwapa sungura wake majani. "Baba," alimwambia, "unamtembeza mno. Mwache. Kesho atabaki na mimi." Baba akasema likizo inakwisha, bado hawajaona bustani wala mto. "Bustani itakuwepo," alijibu yule mama. "Mimi nimezika wanne. Mwache abaki na mimi."

Mama akabaki. Walikaa jikoni, kwenye moshi, wakimenya njegere. Nilichungulia mara kwa mara kuhakikisha mama bado yupo. Yule mama alikuwa akizungumza peke yake, Kiswahili kikimwishia anahamia Kisambaa, na mama alikuwa akiendelea kumenya. Sikuwasikia wakilia wala wakicheka. Lakini chakula kilipokuwa tayari, mama alisema, bila mtu kumuuliza, "Njegere hizi ni tamu." Baba alitua tonge. Akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye shahidi wake.

Siku yetu ya mwisho iliangukia sikukuu ya mwaka mpya, na kwenye uwanja wa mpira kulikuwa na michezo. Mji mzima ulishuka pale: Wasambaa kutoka vijiji vyote vya juu, Wahindi wenye maduka na watoto wao waliopakwa poda, makarani, masista wa misheni, na Wazungu wamekaa chini ya turubai. Bendi ya polisi ilipiga tarumbeta. Watu wakakimbia wamevaa magunia, wakavutana kamba, akina mama wakashindana kubeba madebe ya maji kichwani. Harufu ya mahindi ya kuchoma ilitanda, na mwenyeji wetu alitukatia miwa kwa kisu alichokuwa nacho kikapuni. Tulikaa kwenye majani, mama kati yangu na yeye.

Katikati ya uwanja walikuwa wamesimika mlingoti mrefu uliopakwa grisi kutoka juu hadi chini. Juu kabisa waliweka blanketi jekundu, zito, jipya. Atakayelifikia ni lake. Vijana walijaribu, wakafika kimo cha mtu, wakateleza. Kila aliyeteleza uwanja ulipiga kelele.

Mama akalitazama lile blanketi. Alikuwa akitetemeka, kanga mbili juu ya mabega hazikutosha. Akasema, tena kwa sauti ndogo, wala hakumwambia mtu yeyote, "Ningekuwa na blanketi kama lile, huku ningekaa."

Baba akasimama. Nilidhani anakwenda haja. Akavua koti, akalikunja, akanipa. Akavua saa, akaiweka kwenye mfuko wa koti. Kisha akatembea kwa mwendo wake ule ule wa stesheni mpaka kwenye mlingoti, na uwanja ukaanza kunyamaza, kwa sababu hakuna aliyetegemea mtu mwenye tai.

"Samahani," akamwuliza msimamizi, mwalimu mmoja mwenye filimbi shingoni. "Haya mafuta si ya nguruwe?"

"Ni grisi ya lori, bwana," mwalimu akajibu. "Nimepaka mwenyewe. Lakini utaharibu nguo."

"Nguo zitafuliwa," baba akasema, akaukumbatia.

Ndugu yangu, baba yangu alikuwa hajui kupanda hata mpapai. Alijivuta, akaning'inia, miguu ikatafuta mahali pa kushika isipate. Akashuka polepole kama ngazi inayokunjwa, akakaa kitako chini. Uwanja ukalipuka. Akasimama, akajifuta mikono kwenye kaptura, akaanza tena. Safari hii tai ilinaswa kati yake na mlingoti, ikawa yeye anapanda na tai inamvuta arudi. Bendi, kwa utundu, ikaanza kupiga ngoma kila anapojivuta. Wahindi walikuwa wamesimama juu ya viti. Masista walikuwa wamefunika midomo. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Huyo ndiye karani, ambaye watu hukaa sawa akipita! Alipoteleza tena alishuka huku ameugeuzia umati uso, na uso wote ulikuwa mweusi, meno tu yanaonekana, maana alikuwa anatabasamu. Hakuwa akiutazama umati. Alikuwa akimtafuta mama.

Ndipo nikakisikia. Kilianza taratibu karibu na sikio langu, nikadhani ni kikohozi. Kikapanda. Mama alikuwa ameinama, amejishika mbavu, muwa umemdondoka. "Mtazameni," alisema, "mtazameni bwana wangu! Jamani, tai! Avue tai!" Alicheka mpaka akalala kwenye mapaja ya mwenyeji wetu. Na pale pale, bila kituo, kicheko kikageuka. Akaanza kulia, kilio kile ambacho hakukilia siku ya Ijumaa, kikubwa, cha kumtoa pumzi, na ndani yake akalitaja jina la mdogo wangu. Akalitaja tena na tena. Mwenyeji wetu alimshika kichwa. Wanawake wa Kisambaa waliokuwa karibu, hawatujui hatuwajui, walisogea wakavua vitenge na kanga zao wakamzungushia, wakamfanyia chumba kidogo pale uwanjani, ili aweze kulia bila kutazamwa.

Baba alikuja akikimbia. Naam, alikimbia. Akasimama nje ya zile kanga, grisi inamchuruzika, hathubutu kumgusa mtu. "Nimekosea," alisema. "Nimemuumiza."

"Hujakosea," mwenyeji wetu akamjibu kutoka ndani. "Nyamaza usubiri."

Akasubiri. Nami nilisubiri naye, nimebeba koti. Nyuma yetu umati ukalipuka tena: kijana mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa amelifikia blanketi. Hatukugeuka. Baada ya muda kanga zikafunguka, mama akatoka, macho yamevimba. Alimtazama baba kutoka kichwani hadi kwenye soksi. Akachukua upindo wa kanga yake, akaanza kumfuta uso, taratibu, kwanza jicho moja, kisha la pili. "Kwa nini ulikwenda, bwana?" akamwuliza. "Mtu mzima kama wewe."

"Ulisema ungekaa," baba akasema.

Kesho yake tukashuka. Kwenye basi mama alinipakata ingawa nilikuwa mkubwa, na tulipopita kwenye maporomoko akanionyesha kwa kidole. "Mdogo wako angeyapenda haya," aliniambia. "Angepiga makofi." Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza naye habari za mdogo wangu. Tulizungumza mpaka Mombo. Mwezi ulipoisha, bibi mzaa mama alifika Tanga na mkoba wake, akamkuta mama anabishana ukutani na jirani. Alikaa siku chache, akarudi Pangani peke yake.

Sitakwambia kwamba huzuni iliisha. Kila Ijumaa mama alikuwa na saa yake ya kukaa kimya, tukamwachia. Lakini alikaa. Walizeeka pamoja, na baba alitangulia, naye akamfuata.

Mwaka jana nilimwomba mjukuu anipeleke uwanjani. Sikuweza kuutambua. Niliuliza nyumba ya yule mama wa sweta la kiume, nikakosa hata wa kumweleza namtafuta nani, kwa kuwa hao wa umri wake wote wamekwenda. Treni ya abiria ya Tanga nayo ilikwisha kusahauliwa na wengi. Hayo niliyategemea. Mji haukai ukitusubiri sisi.

Kilichonishika ni kingine. Mjukuu wangu aliuliza, kwa kunipoza, kama mimi nilizaliwa peke yangu. Nikafungua mdomo kumjibu, na hapo nikatambua kwamba mdogo wangu hakuwahi kupigwa picha, kwamba kaburi lake halikuwa na jiwe, na kwamba duniani kote, kati ya watu wote wanaopumua, nimebaki mimi tu ninayejua kwamba alikuwepo. Basi tulikaa chini pale kwenye majani, nikamwambia mjukuu wangu jina lake. Nikamwomba alitamke. Akalitamka.